Insha moja, picha mbili: mwanafunzi wa Kizanzibari mbele ya Lubaina Himid

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na makosa ambayo wanafunzi wa Afrika Mashariki huyarudia wanapokwenda London kwa muhula mmoja au miwili na kukutana na sanaa ya kisasa kwa mara ya kwanza darasani. Picha, majumba na miaka inayotajwa ni ya kweli.

Mwanafunzi yuko mwaka wa pili, anasoma historia, kwao ni Unguja. Somo moja kati ya manne aliyopangiwa ni sanaa ya Uingereza tangu miaka ya 1980. Tathmini ni insha ya maneno 2,500 kuhusu kazi moja tu iliyo katika mkusanyiko wa umma. Amechagua Between the Two my Heart is Balanced, picha ya rangi za akriliki aliyoichora Lubaina Himid mwaka 1991, mali ya Tate, taasisi ya umma yenye majumba ya sanaa Uingereza. Sababu ya kuichagua haina kificho: Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Rasimu inarudi na alama 48. Kwa mfumo wa Uingereza hilo ni daraja la tatu, maana 40 ndiyo ya kupita na 70 ndipo daraja la kwanza linapoanzia. Mwalimu ameandika pembeni, kwa ufupi, kwamba msanii anaonekana ila picha haionekani.

Mwanafunzi anashangaa, kwa sababu amesoma kweli. Anajua kwamba mwaka 2017 Himid alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya kisasa ya Uingereza, na kwamba alikuwa na miaka 63, mwaka uleule ambao kikomo cha umri wa washindani, miaka 50, kiliondolewa. Anajua kuhusu maonyesho yake makubwa Tate Modern yaliyofunguliwa Novemba 2021. Yote sahihi, na yote yamechukua zaidi ya theluthi ya insha. Kisha inafuata aya iliyomponza: anasema wanawake wawili wa kwenye picha ni wanawake wa mwambao, chombo walichopanda ni kumbukumbu ya madau ya Bahari ya Hindi, na nguo zao ni kanga. Anahitimisha kwamba msanii anarudi nyumbani kwa moyo.

Mashua ile haikutoka Forodhani. Imetoka Portsmouth, bandari ya jeshi la majini la Uingereza.

Himid aliichukua kutoka picha ya mchoraji Mfaransa James Tissot, Portsmouth Dockyard, ya mwaka 1877 hivi, ambayo nayo ni mali ya Tate. Tissot alizaliwa Nantes mwaka 1836, akaishi London kuanzia 1871 hadi 1882, akipata riziki kwa kuchora maisha ya watu wenye nafasi. Katika picha yake askari wa kikosi cha Waskoti ameketi katikati ya wanawake wawili ndani ya mashua ya makasia, kati ya meli za jeshi la majini. Amemgeukia mmoja, mwingine kaachwa mgongoni. Kichwa cha picha ya Himid ni tafsiri ya maneno ya Kifaransa ambayo Tissot aliyatumia kwa toleo la picha hiyohiyo alilolichonga kwa ajili ya kuchapa: moyo wangu unayumba kati ya hawa wawili. Basi dalili ilikuwa kwenye kichwa cha picha tangu mwanzo, na mwanafunzi alikipita kana kwamba ni pambo.

Kwa nini alipotea

Jibu rahisi ni uvivu, lakini si kweli. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita na Kiswahili amefundishwa uhakiki kwa fani na maudhui, tena kwa mpangilio huo: kwanza muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, ndipo dhamira na ujumbe. Akipewa riwaya hathubutu kuandika ujumbe kabla hajaonyesha umetokana na nini. Akipelekwa mbele ya picha, nidhamu hiyo inamtoka. Anaruka moja kwa moja hadi kwenye ujumbe, na kwa kuwa hana fani ya kuutolea, anauchota kwenye wasifu wa msanii.

Wasifu wenyewe, ukisomwa vizuri, ungemzuia. Baba yake Himid alikufa kwa malaria na mama akamrudisha Uingereza mtoto akiwa na miezi minne. Alikulia London na mama aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa. Akasomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, kisha shahada ya uzamili ya historia ya utamaduni katika Royal College of Art, aliyoimaliza mwaka 1984. Macho yake yalifunzwa na majumba ya makumbusho ya London. Picha za Wazungu wa karne ya kumi na nane na kumi na tisa ndizo alizozizoea kama sisi tunavyozoea milango ya nakshi. Kumfanya awe binti wa Mji Mkongwe anayelilia kwao ni kumvalisha vazi letu kwa nguvu, na kwa hakika ndivyo wahakiki wengi wa Ulaya walivyowafanya wasanii Weusi kwa miaka: chochote wachoracho, kisomwe kama asili yao. Mwanafunzi wetu alifanya vilevile kwa mapenzi.

Kuna sababu ndogo zaidi lakini yenye madhara: aliitazama picha kwenye simu. Kazi ya Himid ina kimo cha sentimita 122 hivi na upana wa 152. Ya Tissot ni 38 kwa 55 hivi. Ukizidisha, eneo la ya Himid ni karibu mara tisa. Kwenye kioo cha simu zote mbili ni saizi ya kiganja, kwa hiyo jambo la kwanza alilolifanya Himid, yaani kuikuza picha ndogo ya kuangaliwa kwa karibu sebuleni hadi iwe kitu cha kukukabili ukiwa umesimama, limefutika kabla hujaanza.

Kurudia kazi, siku kwa siku

Kabla ya kutoka nyumbani kuna ukaguzi wa dakika tano ambao wengi huuruka. Tate ina majengo mawili London, na si mamoja: Tate Britain iko Millbank, kituo cha treni ni Pimlico, Tate Modern iko Bankside, ng'ambo ya mto, katika jengo lililokuwa kituo cha kuzalisha umeme. Kila kazi ina ukurasa wake kwenye tovuti, na ukurasa huo huonyesha kama iko ukutani sasa hivi na katika jengo lipi. Kazi nyingi ziko stoo au zimeazimwa, na kilichokuwa ukutani Oktoba huenda Februari hakipo. Angalia asubuhi ya siku unayokwenda, si wiki iliyopita. Kuingia kuona mkusanyiko wa kudumu ni bure. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu, na mwenye umri wa miaka 16 hadi 25 akijiandikisha bure katika Tate Collective, mpango wa Tate kwa vijana, hulipa pauni 5 tu.

Ikiwa picha haipo ukutani, kuna njia tatu. Unaweza kubadilisha kazi mapema, kabla mada haijaidhinishwa. Unaweza kubaki nayo na kutumia picha ya tovuti inayoweza kukuzwa, ukaeleza wazi katika insha kwamba hukuiona ana kwa ana. Au unakata karatasi za gazeti kwa vipimo vya picha na kuzibandika ukutani chumbani, upate angalau kujua mwili wako unasimamaje mbele ya kitu cha ukubwa huo. Hii ya tatu inachekesha wenzako wa bweni lakini inafanya kazi kuliko inavyodhaniwa.

Ziara yenyewe ni ya kazi moja. Atakayezunguka vyumba kumi na viwili kwa saa mbili atatoka na miguu inayouma na picha mia za simu. Kwa insha hii zinatosha dakika 40 mbele ya picha moja, na penseli, kwa sababu kalamu za wino na rangi za maji hazitakiwi karibu na kazi. Dakika kumi za kwanza hakuna kuandika wala kusoma kibandiko cha ukutani. Kibandiko kina mistari michache tu, lakini ukishakisoma, jicho hutafuta kile kilichotajwa na kuacha kila kitu kingine. Baada ya hapo chora ramani mbaya: mstatili, mstari wa mashua, duara mbili za vichwa, kisanduku cha kile kilicho katikati. Uzuri wa mchoro haujalishi. Mkono unalazimisha jicho kuuliza kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Halafu orodha, kwa sentensi zenye vitenzi. "Kuna wanawake" haisaidii. Andika wanafanya nini kwa mikono, wanatazama wapi, kama wanatazamana au wanakutazama wewe, nani anagusa nini. Andika rangi imepakwaje: je, umbo limefinyangwa kwa kivuli na mwanga hata likaonekana la mviringo, au rangi ni bapa na mpaka wa umbo ni mkali kama kitu kilichokatwa kwa msumeno? Kwa Himid swali hilo lina uzito. Mtu aliyesomea jukwaa, ambaye miaka ya 1980 alitengeneza sanamu bapa za mbao zinazosimama sakafuni, hubeba tabia hiyo hata kwenye turubai. Wahusika wake wanasimama kama waigizaji walioelekezwa mahali pa kukaa. Mwisho, andika kitu kimoja usichokielewa. Hicho ndicho kitakachokupa insha.

Usichokielewa katika picha hii ni lundo. Kati ya wanawake wawili, pale ambapo moyo wa mtu ungetarajiwa kuwa, kuna rundo la vitu. Sasa ndipo pa kusoma kibandiko na maelezo marefu ya tovuti: ni ramani za baharini, na wanawake wanazichana na kuzitupa majini.

Picha mbili zikiwekwa pamoja

Hapa ndipo insha ya pili inapata uti wa mgongo. Mwanafunzi anachapisha picha zote mbili kwa uwiano sahihi wa ukubwa, anaziweka mezani na kuuliza: nini kimebaki, nini kimeondoka, nini kimeingia.

Kimebaki: mashua, maji, wanawake wawili, muundo wa watatu. Ameondoka askari. Zimeingia ramani, tena mahali pake hasa. Ukishaliona hilo, huwezi kulisahau. Kwa Tissot mwanamume ndiye anayejaza katikati, sare yake ndiyo inayovuta jicho, na hadithi nzima ni uamuzi wake: amchague yupi. Wanawake wapo ili wachaguliwe. Mwaka mmoja kabla, 1876, Tissot alikuwa amelaumiwa kwa kuonyesha baharia na wanawake wawili wakistarehe katika mashua mtoni Thames. Watazamaji waliona ni utovu wa adabu. Portsmouth ni toleo lililosafishwa, lenye askari mwenye heshima zake. Lakini mizani ni ileile.

Himid anamwondoa mwenye moyo halafu anaacha sentensi ya moyo ikiwa kichwa cha picha. Moyo sasa ni wa nani? Unaweza kusema ni wa lundo la ramani, yaani wa dola iliyopenda bahari kwa sababu ilijua kuipima. Unaweza kusema ni wa mtazamaji, aliyewekwa nje ya mashua na kuachwa achague. Unaweza kusema uko kati ya wanawake wenyewe, ambao hawamhitaji wa tatu ili wawe wawili. Insha nzuri haizitaji zote tatu kwa unyenyekevu. Inachagua moja na kuitetea kwa kilichoonekana ukutani. Kwa maoni yetu ya tatu ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ramani haziendi kukaa: zinapungua. Kila inayochanwa inapunguza kilicho katikati yao. Picha imeshikwa katikati ya tendo, na tendo likikamilika hakutakuwa na kitu kati ya wanawake hao wawili.

Kuhusu ramani, historia aliyokuja nayo mwanafunzi hatimaye inapata kazi. Ramani ya baharini ni chombo: inaonyesha kina, miamba, mikondo, bandari. Bila chombo hicho meli za watumwa hazingevuka Atlantiki na kurudi kwa faida, wala jeshi la majini lisingetawala kutoka bandari kama Portsmouth. Tissot amechora meli na askari. Ramani hakuzichora, maana katika dunia yake hazikuhitaji kuonyeshwa. Himid ameondoa meli na askari na kuonyesha kile kilichowawezesha. Picha hii ilikuwa sehemu ya mfululizo ulioitwa Revenge, ulioonyeshwa Rochdale Art Gallery mwaka 1992, na picha nyingine katika mfululizo huo ina kichwa kinachosema wazi kwamba ramani hazipo tena: Act One, No Maps. Bahari inayotajwa pale ni Atlantiki, na wafu wake ndio wanaoombolezwa. Atakayeisukuma hadi Bahari ya Hindi ana wajibu wa kuonyesha njia aliyopitia.

Mwanafunzi makini hatatosheka na mfano mmoja, kwa sababu mmoja waweza kuwa bahati. Mwaka 1984 Himid alikuwa amewachukua wanawake wawili wa Picasso wanaokimbia ufukweni, wa mwaka 1922, na kuwafanya Weusi katika Freedom and Change. Mwaka 1986 akaonyesha A Fashionable Marriage, kundi zima la sanamu bapa zilizotokana na picha ya nne katika mfululizo wa mchoraji Mwingereza Hogarth wa miaka ya 1740 kuhusu ndoa ya kitajiri. Thatcher na Reagan wamo, wamekalishwa pale walipokuwa mke na hawara wake, na msanii mwanamke Mweusi amechukua nafasi ya mtumishi Mweusi. Picha sita za Hogarth ziko National Gallery, Trafalgar Square, bure. Saa moja pale inatosha. Sasa hoja inaweza kuandikwa kwa sentensi moja: Himid huingia katika utunzi wa Kizungu unaojulikana, humwondoa aliyeshika kitovu, na huwaachia kitovu wale waliokuwa pembeni au wasiokuwepo. Between the Two ni hatua kali zaidi kwa kuwa safari hii kitovu hakijazwi, kinatupwa baharini.

Semina

Alama zilipotea pia mahali pasipoandikwa. Semina ya watu kumi na wawili, mwalimu anaitwa kwa jina lake la kwanza, na hoja hutupwa mezani bila ruhusa. Mwanafunzi aliyelelewa kungoja aulizwe, asimkatize mkubwa, hungoja hadi saa imekwisha. Wenzake humwona hana la kusema. Kinachosaidia si kujilazimisha ujasiri bali kuja na jambo moja dogo linaloweza kuonyeshwa kwa kidole: "Mimi naona huyu wa kushoto hamtazami mwenzake, kwa hiyo sikubali kwamba hii ni picha ya urafiki." Hoja ya namna hiyo haimvunjii mtu heshima, kwa kuwa ugomvi uko kwenye picha. Na ikiwa umekosea, atakayekurekebisha atakurekebisha kwa kunyoosha kidole palepale, nawe unafaidika.

Kanga ziende wapi

Kosa la rasimu ya kwanza halikuwa kujua kanga, bali kuiona mahali isipothibitishwa. Kipimo ni rahisi na kila mtu wa pwani anacho: pindo, mji, jina. Nguo iliyochorwa ikiwa na nakshi tu, ni nguo yenye nakshi. Lakini Himid ana kazi nyingine ambazo ni za kanga kwa makusudi: mfululizo wa karatasi wa 2011 na 2012, na How Do You Spell Change? ya 2018, vitambaa vilivyoning'inizwa kama bendera, vyenye picha na maneno. Hapo msomaji wa Kiswahili anaingia na maswali ambayo mwalimu wa London hana: jina la kanga huvaliwa mwilini na kumlenga mtu fulani, jirani au mke mwenza, bila kumtaja, likining'inizwa juu ya ukumbi linamlenga nani? Kanga huuzwa doti, vipande viwili. Hapa kiko kimoja. Maneno ni ya Kiingereza, mafumbo yamekwenda wapi? Hiyo ni insha ya muhula wa pili, nayo inahitaji kutazamwa upya kutoka mwanzo kama hii.

Kuandika upya

Mgawanyo unaofanya kazi kwa maneno 2,500 si sawa kwa sawa. Wasifu maneno 150, yale tu yanayogusa hoja. Maelezo ya kilichoonekana, 600. Tissot na ulinganisho, 900, kwa kuwa ndiyo moyo wa insha. Ramani na historia, 500. Kazi nyingine za Himid, 250. Kinachobaki ni utangulizi wenye hoja iliyotajwa wazi katika aya ya kwanza. Chini ya kila picha weka jina la msanii, kichwa kwa italiki, mwaka, vifaa, vipimo kwa kuanza na kimo, mwenye mali na namba ya usajili. Maelezo ya tovuti ya Tate yana mwandishi na tarehe, yataje. Kuyageuza maneno kidogo na kuyaacha bila kumtaja mwenyewe ni wizi wa kitaaluma, hata kama ulifanya hivyo kwa sababu Kiingereza chao kilikuwa kizuri kuliko chako.

Rasimu ya pili bado ina pengo moja, na ni vizuri lijulikane mapema: haisemi lolote kuhusu Rochdale. Kwa nini mfululizo wa picha kubwa kuhusu bahari na utumwa ulionyeshwa katika jumba la manispaa kaskazini mwa Uingereza, mji uliokua kwa viwanda vya pamba, badala ya London? Tovuti haitoshi kujibu. Inabidi kuliona chapisho la maonyesho ya 1992, na kwa hilo kuna maktaba mbili za kuuliza, zote mtaa mmoja: ya Tate, ndani ya Tate Britain, na Stuart Hall Library ya Iniva, taasisi ya sanaa za kuonekana, John Islip Street, nyuma tu ya jumba. Omba nafasi kabla, taja kichwa na mwaka wa unachotaka, na nenda na penseli ileile.